Mtihani huja korosho zikianguka

Kwa wanangu na wajukuu zangu wa Mtwara na Lindi mnaosoma QT, yaani Mtihani wa Maarifa, na ninyi mnaorisiti kidato cha nne kama watahiniwa wa kujitegemea,

Assalaam aleikum. Na wa Ndanda, Tumsifu Yesu Kristo.

Nimefundisha madarasa ya jioni ya watu wazima hadi wanafunzi wangu wa zamani wakaanza kuniletea watoto wao. Nina mengi ya kusema, ila moja ndilo lililonishikisha kalamu. Wanaofeli huku kwetu wengi wao hawafelishwi na uzito wa kichwa. Wanafelishwa na Oktoba. Machi darasa linajaa mpaka wengine wanasikiliza dirishani. Julai bado lipo. Ikifika katikati ya Oktoba unabaki na akina mama wawili na fundi cherehani mmoja, na ukiwauliza wenzao wako wapi, jibu ni moja: korosho.

Mtihani wa Maarifa, huo tunaouita QT, hufanyika Novemba pamoja na ule wa kidato cha nne. Huo ndio mwezi ambao korosho zinaokotwa, minada imefunguliwa, maghala yamejaa magunia na kila nyumba inahesabu kilo. Baraza la Mitihani halikupanga kalenda yake kwa kuangalia mkorosho, na wala haliwezi. Basi mwenye kupanga ni wewe, na upangaji huo haufanyiki Oktoba.

Kwanza hakikisha unatakiwa kufanya mtihani gani. QT ni kwa ajili ya mtu ambaye hana matokeo ya kidato cha pili yanayomruhusu kuendelea: aliyeishia darasa la saba, au aliyeingia sekondari akakatisha njiani. Kiwango chake ni cha kidato cha kwanza na cha pili. Ukifaulu hujapata cheti cha kidato cha nne. Umepata ruhusa ya kukaa kwenye mtihani wa kidato cha nne mwaka mwingine. Aliyefaulu kidato cha pili anakwenda moja kwa moja kidato cha nne, na aliyekwisha maliza cha nne anarisiti. Nayasema haya kwa sababu wapo wanaotapeliwa. Mtu anaambiwa na kishoka kwamba atafanyiwa QT na kidato cha nne kwa mpigo, anatoa hela, mwisho wa mwaka hana hata namba ya mtihani.

Usajili wa watahiniwa wa kujitegemea hufunguliwa Januari. Unaanzia kituoni, unapewa namba rejea, kisha unajaza taarifa zako mtandaoni na kulipa kwa namba ya malipo ya serikali. Anayechelewa hulipa faini juu ya ada, na anayezidi kuchelewa husubiri mwaka unaofuata. Sasa tazameni wenyewe: fedha ya korosho inaingia Novemba na Desemba, usajili uko Januari. Hakuna mkoa wenye bahati kama hiyo! Lakini Januari ikifika fedha imeshageuka bati, pikipiki, harusi ya mpwa na sherehe ya kuwatoa wali, watoto waliotoka jandoni na unyagoni. Siku ile malipo ya mnada yanapoingia, ada ya mtihani iwe ya kwanza kutengwa, kabla hujamwambia mtu yeyote kwamba umelipwa.

Halafu majina. Hapa naomba mnisikilize vizuri. Huku kwetu mtu ana jina la nyumbani, jina alilopewa baada ya jando au unyago, jina la madrasa au la ubatizo, na jina ambalo mwalimu wa darasa la kwanza aliandika alivyosikia. Shuleni ni Hadija, kitambulisho cha taifa kinasema Khadija, cheti cha kuzaliwa kina jina la babu ambalo halipo kwingine. Cheti cha mtihani kikishatoka na jina lisilofanana na kitambulisho, utazunguka ofisi hadi viatu viishe. Kabla ya kujisajili, weka karatasi zako zote mezani na uzilinganishe herufi kwa herufi. Kama kuna la kurekebisha kwa hati ya kiapo, rekebisha mapema. Na siku ya kujaza fomu usimwachie kijana wa stesheneri ajaze peke yake huku wewe unachat.

Kuhusu masomo, msijaze orodha ndefu kwa tamaa. Kwenye kidato cha nne yanajumlishwa masomo saba uliyofanya vizuri zaidi: A ni pointi 1, F ni pointi 5, divisheni ya kwanza ni kuanzia 7 hadi 17, na ya nne inaishia 33. Chagua ukijua unakoelekea. Anayetaka uuguzi ataulizwa Baiolojia na Kemia, kwa hiyo asizikimbie tangu QT kwa sababu ya woga. Pia mtaala wa sekondari umebadilika miaka hii, na Historia ya Tanzania na Maadili sasa ni somo linalojitegemea, linalofundishwa kwa Kiswahili. Uliza kituoni mtihani wako utafuata muhtasari upi kabla hujanunua vitabu vya mtumba pale sokoni, maana vingine ni vya zama zangu.

Mlima wenyewe ni Kiingereza. Ukiacha Kiswahili na masomo machache, maswali yanaandikwa kwa Kiingereza na majibu yanatakiwa kwa Kiingereza. Mtu mzima anayejua fika mmea unavyojitengenezea chakula, maana amelima maisha yake yote, anatoka na sifuri kwa sababu hakuelewa swali lilitaka ataje, aeleze au atofautishe. Kutaja ni mstari mmoja. Kueleza ni sentensi mbili tatu zenye sababu. Kutofautisha kunataka pande zote mbili. Anzeni na maneno hayo ya amri, yako machache na yanarudi kila mwaka. Kisha kila jioni andika sentensi tano za Kiingereza kuhusu somo ulilosoma siku hiyo, hata zikiwa mbovu, na mpe anayejua akusahihishe. Wanafunzi wa kutwa wa jirani yako wanaweza kukusaidia. Usione aibu kusahihishwa na mtoto wa miaka kumi na sita.

Mliopita madrasa mna mazoea ya kuhifadhi, na hiyo ni hazina. Ila mtihani hautaki daftari lirudishwe kama lilivyo. Baraza hutoa uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, ukieleza wengi walikosea wapi na kwa nini. Uko kwenye tovuti yao bure, pamoja na mitihani iliyopita na fomati ya kila somo. Nashangaa watu wanalipia tuisheni ya kubahatisha maswali na hawajawahi kuufungua.

Hisabati ndiyo inayoangusha wengi kuliko somo lolote nchini, na hapa sina huruma na ninyi hata kidogo. Mkulima wa Tandahimba anakokotoa kichwani: kilo 250 kwa shilingi 3,000, ondoa makato ya shilingi 200 kwa kila kilo, anabaki na 700,000, na karani wa chama cha msingi cha ushirika akikosea anarudishwa palepale. Huyohuyo ukimwandikia asilimia ubaoni anashika kichwa. Fanyeni hesabu kila siku, chache, kwa kalamu na karatasi. Hesabu hazisomwi kwa macho.

Sasa kalenda. Februari hadi Mei, mvua na palizi zikiwepo, someni mada mpya, kwa kuwa jioni mnarudi mapema. Juni hadi Agosti ni kupulizia mikorosho salfa, na mtu anarudi kachoka, macho yanawasha. Miezi hiyo punguza: somo moja kwa jioni, mitihani iliyopita siku ya mapumziko. Septemba iwe mwisho wa kusoma kitu kipya. Atakayefika Oktoba bado anaanza mada ya kwanza ya Kemia, mimi namwonea huruma tu. Ninyi wa pwani, wavuvi wa Kilwa na akina mama mnaochokoa pweza Sudi na Msimbati, mna kalenda yenu: bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, ni ya kazi; maji mafu, yanapojaa na kupwa kidogo, ni ya kitabu.

Oktoba na Novemba ni mazungumzo ya nyumbani, na yafanyike mapema. Kaa na mwenzako, na wazazi, na ndugu mnaogawana shamba, wakati bado hakuna korosho hata moja chini. Nani ataokota siku zako za mtihani? Kibarua atalipwa nini? Nani atakwenda ghalani na magunia? Hili lisemwe mbele ya mtu mzima wa ukoo, lisije likageuka maneno kwamba Fulani kajifanya msomi kawaachia wenzake kazi.

Kwa akina baba nasema waziwazi. Mke wako akisoma jioni, sufuria haitavunjika ukiisimamia wewe. Wasichana wengi kwenye madarasa haya ni wale walioachishwa masomo kwa ujauzito. Tangu Novemba 2021 serikali imeruhusu wanafunzi waliokatiza masomo, wao wakiwemo, kurudi hata kwenye shule rasmi, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima ina utaratibu wa kuwasomesha nje ya mfumo huo. Mlango ambao serikali imeufungua usifungwe na mume au shangazi.

Kutazamia, karatasi za kuficha, kumtuma mtu akufanyie: achaneni nako. Matokeo hufutwa, na anayemfanyia mwingine mtihani anaingia kwenye kosa la jinai. Anayekuuzia mtihani kwenye simu usiku wa manane anakuuzia karatasi ya kubuni.

La mwisho ni la safari. Mitihani huanza saa mbili asubuhi, na ratiba yake inachukua zaidi ya wiki moja. Aliye Kitangari au Mnacho na kituo chake kiko mbali asitegemee gari la alfajiri, kwani msimu wa korosho magari yote yanakimbilia mizigo. Omba pa kulala kwa ndugu aliye karibu na kituo tangu Septemba, na uende na mchele wako na mafuta yako. Kumlisha mtu mzima wiki nzima na zaidi si jambo dogo, hata kwa shangazi anayekupenda.

Ni mimi,
Mwalimu wenu mstaafu,
Masasi