Barua ya wazi kwa Katibu wa Chama Mkoa wa Dodoma: Tuulizeni tunajua kufanya nini

Ndugu Katibu,

Salaam kutoka Nkuhungu. Mimi ni mwanachama wa kawaida, kwa taaluma ni mkadiriaji majenzi, yaani mtu wa kukadiria vifaa na gharama za ujenzi, na ada yangu nalipa. Nakuandikia hadharani kwa sababu jambo hili haliko kwenye tawi letu peke yake. Wenzangu wa Ipagala, Kizota na hata Chamwino wanasema lile lile: chama kinatujua kwa namba za kadi na kwa michango yetu, lakini hakijawahi kutuuliza tunajua kufanya nini.

Siku ya kujiunga nilijaza fomu, na kwenye mstari wa kazi nikaandika kazi yangu. Tangu hapo nimeitwa kwa mambo mengi: turubai la mkutano, mafuta ya gari la matangazo, fulana za vijana, chakula cha wageni. Nimechangia na nitaendelea kuchangia, maana chama kina gharama zake na wenye chama ndio sisi. Ila katika tawi hilo hilo yupo fundi sanifu maji mstaafu, yupo mhasibu wa kampuni binafsi, yupo muuguzi, yupo bwana shamba aliyetumia miaka yake kwenye zabibu, na wapo mafundi uashi waliojenga sehemu kubwa ya mtaa wetu. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kuitwa na chama kwa sababu ya anachokijua.

Mwalimu Nyerere alikuwa akikumbusha kwamba nchi ilipata uhuru ikiwa na wahandisi 2 na madaktari 12. Mwaka 1973 TANU ilipeleka swali kwenye matawi kabla ya kuamua kwamba makao makuu yahamie Dodoma. Matawi yakajibu, lakini ulipofika wakati wa kuchora mpango wa mji mpya, kazi ilikwenda kwa kampuni ya Kanada, na kwa uchache wa wataalamu wetu wa siku zile silaumu. Leo tuna Chuo Kikuu cha Dodoma tangu 2007, tuna Chuo cha Mipango ya Maendeleo Vijijini, na Hombolo tuna chuo kinachofundisha uendeshaji wa serikali za mitaa. Wahitimu wa vyuo hivyo wamejaa kwenye mitaa yetu, na wengi wana kadi zetu. Matawi ya 1973 yaliulizwa yanataka nini. Ya leo yanaweza kuulizwa pia wanachama wake wanaweza nini.

Na mji hautusubiri. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Dodoma mjini, na ya 2022 ikahesabu 765,179. Kila mtu anayeongezeka anahitaji maji, njia, zahanati na darasa la mtoto wake. Mvua zetu ni za msimu mmoja, kuanzia mwishoni mwa mwaka hadi Aprili, nazo zikija hapa Nkuhungu maji hutuingilia hadi ndani. Mkutano wa tawi ukizungumzia mafuriko, tunalalamika, tunapitisha azimio la kuiomba serikali, tunafunga kikao. Yule fundi sanifu maji ameketi kwenye safu ya nyuma, na anajua maji yanatoka wapi, yanazuiwa wapi na kalvati lipi ni dogo. Laiti tungempa daftari na vijana wawili wapite naye mtaani, azimio letu lingekuwa na mchoro, vipimo na makadirio ya gharama. Halmashauri ingepata shida kuliweka pembeni azimio la namna hiyo.

Niruhusu nikae kidogo kwenye fani yangu. Siku hizi madarasa na zahanati nyingi zinajengwa kwa utaratibu wa fosi akaunti: fedha zinaingia kwenye akaunti ya shule au kituo, na wananchi wanaunda kamati ya ujenzi, ya manunuzi na ya mapokezi. Kamati hizo zinanunua saruji, nondo na mabati, zinapatana na fundi, zinapokea mzigo. Nimeziona zikifanya kazi kwa moyo mkubwa. Nimeona pia watu waaminifu kabisa wakipokea mchanga wenye udongo, au kusaini tripu za kokoto bila kujua namna ya kupima ujazo wa gari. Fedha inaisha jengo likiwa kwenye lenta, yaani usawa wa juu ya milango na madirisha, na lawama inawaangukia wao pamoja na chama kilichoahidi. Wanachama wenye ujuzi wa ujenzi wapo. Kama katibu wa tawi angekuwa na orodha yao, angewaomba mapema wajitokeze kwenye mkutano wa hadhara wa kuchagua kamati, kama wananchi wengine wowote, na wananchi ndio waamue. Hapo simaanishi digrii. Fundi uashi aliyemaliza darasa la saba na kujenga kwa miaka 20 ni mtaalamu, na orodha isiyokuwa na jina lake itakuwa na kasoro tangu mwanzo.

Jambo la pili linalonikera ni kabrasha la bajeti. Diwani wetu hupokea makabrasha mazito siku chache kabla ya kikao cha baraza. Ndani yake mna mapato ya ndani, fedha za miradi, hoja za ukaguzi, na ile asilimia 10 ya mikopo ya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Diwani anatakiwa asome, aelewe na ahoji mbele ya wakuu wa idara ambao ndio walioandika. Ni mzigo mkubwa kwa mtu mmoja, hata awe na elimu gani. Mhasibu wa tawi letu angeweza kukaa naye jioni moja, wakapitia nyaraka zile zinazoruhusiwa kuonekana, akamwonyesha wapi mradi wa mwaka jana umerudi na bei mpya bila maelezo. Diwani angeingia kikaoni na maswali matatu yaliyonyooka. Hilo lina faida kwa kata kuliko mikutano mingi ya shamrashamra.

Najua utanikumbusha kwamba Dodoma ni mji wa watumishi wa umma. Ni kweli, na hapa nasisitiza tusikosee. Maadili ya utumishi yanamruhusu mtumishi kuwa mwanachama wa chama, lakini yanamkataza kufanya siasa saa za kazi na mahali pa kazi, kutoa huduma kwa upendeleo wa itikadi, au kukipa chama nyaraka na taarifa alizozipata kwa wadhifa wake. Basi chama kisimuombe mtumishi wa wizara chochote kinachotoka mezani kwake, hata kwa utani. Tuanze na wastaafu, waliojiajiri, walio kwenye sekta binafsi, mafundi na wakulima. Wanatosha. Wastaafu peke yao ni hazina tunayoiacha ikae barazani.

Kuna kikwazo kingine ambacho watu hukisema pembeni, mimi nakisema hapa. Mtaalamu akijitokeza kusaidia kwenye kata, swali la kwanza ni kama anautaka udiwani. Viongozi waliopo wanaanza kumkwepa, na yeye akiona hivyo anarudi kwenye shughuli zake. Pendekezo langu ni kwamba kila kata iwe na jopo la wanachama wataalamu, na anayekubali kuwa kwenye jopo hilo asiruhusiwe kugombea katika kata hiyo kwenye uchaguzi unaofuata. Wapo watakaoona ni sharti gumu. Mimi niko tayari kulisaini leo, na naamini wengi wangelisaini, kwa sababu hatutafuti vyeo, tunataka kuona kazi zikifanyika vizuri.

Halafu tuheshimu muda wa watu. Muuguzi aliyetoka zamu ya usiku asiitwe kwenye kikao cha saa nne kusikiliza salamu za meza kuu. Apewe swali moja na tarehe ya kulijibu: akina mama wa mtaa huu wanakwama wapi wanapofuata kliniki? Akileta majibu, ajibiwe. Ushauri ukikataliwa, aambiwe kwa nini. Ukimya ndio unaofukuza watu wenye ujuzi, nimeuona ukimfukuza zaidi ya mmoja.

Kwa hiyo naomba hivi, Ndugu Katibu. Chagua kata chache, za mjini na za mashambani, maana bwana shamba wetu ana mengi ya kuwasaidia wakulima wa zabibu wa Mpunguzi na Hombolo kuliko sisi wa hapa lami. Makatibu wa matawi wafungue daftari la ujuzi, waende kwa mabalozi wa nyumba kumi na kupita nyumba kwa nyumba, waulize kila mwanachama anajua nini na anaweza kutoa saa ngapi kwa mwezi. Daftari litunzwe kwa siri, lisigeuzwe orodha ya kuombea michango, kwa kuwa likigeuzwa hivyo mara moja tu hakuna atakayeandika tena. Kila jopo lipewe kazi moja kabla baraza la madiwani halijapitisha bajeti ya mwaka wa fedha unaoanza Julai. Kwetu Nkuhungu kazi yenyewe inajulikana: mitaro. Fundi sanifu maji nimeshaongea naye, amekubali kupima. Makadirio ya gharama nitayafanya mimi bila malipo, na vijana wa kushika kamba za kupimia wapo. Tunachosubiri ni barua yako kwa katibu wa kata.

Wako katika ujenzi wa chama,

Mwanachama, mkadiriaji majenzi
Nkuhungu, Dodoma