Tunalipia kutazama mwamba, mfinyanzi tunamtazama bure

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wa barua za wasomaji nizungumzie jambo moja linalohusu utalii wa ndani katika wilaya za Rungwe na Kyela, mkoani Mbeya, ambako nilitembea pamoja na ndugu zangu wakati shule zilipofungwa katikati ya mwaka. Sikwenda huko kutafuta la kuandika. Nilikwenda kupumzika, ingawa mtu aliyefundisha jiografia kwa muda mrefu akipelekwa Rungwe hapumziki sana, kwa sababu kila anapogeuka anaona somo, na ndugu zake wanalazimika kulisikiliza.

Ukitoka Mbeya mjini unapita Uyole, unashika barabara ya Tukuyu, na ukifika Kiwira unaiacha barabara kuu na kuelekea upande wa Chuo cha Magereza. Huko ndiko liliko Daraja la Mungu, tao la mwamba linaloziunganisha kingo mbili za Mto Kiwira bila mkono wa fundi yeyote. Maelezo yanayotolewa ni kwamba zamani Mlima Rungwe, ambao una kimo cha karibu mita 3,000, ulimwaga lava iliyoteremka bondeni hadi mtoni. Sehemu ya juu ikapoa na kuganda, na maji yakajipatia njia chini yake. Kuna joto la mawe, kuna baridi ya maji, kuna muda mrefu kupita hesabu za maisha yetu, na matokeo yake ni daraja ambalo hakuna mzabuni aliyelipwa kulijenga. Katika eneo hilo hilo kuna Kijungu, mahali ambapo mto unabanwa na mwamba na kuzunguka kwa nguvu ndani ya shimo kabla ya kuendelea na safari yake. Vyote viwili vinastahili sifa vinazopewa, na ninamshauri kila mwenye nafasi aende akavione.

Tulilipa kiingilio, tukapewa stakabadhi, na kijana mmoja akatuongoza kwenye njia yenye utelezi, maana Rungwe mvua haina msimu wa kupumzika. Sikuona uchungu kutoa fedha ile. Njia inahitaji kufyekwa, mtu anahitaji kulipwa ili awepo pale asubuhi hadi jioni, na mgeni anayeteleza anahitaji mtu wa kumshika mkono. Ninataja kiingilio hiki kwa sababu ndicho kilichonifanya nianze kufikiri siku iliyofuata, tulipoteremka hadi ziwani.

Mto Kiwira unaopita chini ya daraja lile unaishia Ziwa Nyasa, upande wa Kyela. Anayeteremka kutoka Tukuyu kupitia Masoko na Ipinda hadi Matema huacha migomba na chai ya nyanda za juu, akakutana na mpunga, kokoa, michikichi na joto la kweli. Mashariki ya Matema, Milima ya Livingstone inashuka moja kwa moja hadi majini, ikibakiza ukanda mwembamba tu wa kuishi watu. Hapo ndipo walipo Wakisi, ambao jamaa zao wengine wako upande wetu wa mkoa wa Njombe, kwenye mwambao wa wilaya ya Ludewa. Ardhi ya kulima ni kidogo, kwa hiyo wanaume huvua samaki na wanawake hufinyanga vyungu. Kijiji cha Ikombe kinajulikana zaidi kwa kazi hiyo, na kufika huko ni kwa mtumbwi au kwa miguu kando ya ziwa.

Mama aliyetupokea alikuwa ameketi chini ya kibaraza cha nyasi, miguu ameinyoosha. Udongo wake ulikwisha kuchimbwa, kuloweshwa na kukandwa hadi ukawa laini kama unga wa chapati, na kila alipokutana na kijiwe alikitoa kwa kucha na kukitupa pembeni bila kukiangalia. Hana gurudumu la kufinyangia. Ana kigae cha chungu kilichovunjika, ambacho ndani yake anauweka udongo, na mkono wa kushoto unakizungusha kigae taratibu huku wa kulia ukivuta ukuta wa chungu kwenda juu. Kwa kipande cha kibuyu alikwangua upande wa ndani, kwa kokoto laini akasugua upande wa nje, na mara kwa mara alipitisha kidole gumba juu ya mdomo wa chungu kupima kama unene uko sawa pande zote. Wepesi wa vyungu vya Wakisi, ambao ndio umevipa jina, unatoka kwenye kidole gumba hicho. Ukuta ukiwa mnene mahali fulani na mwembamba mahali pengine, chungu hupasuka wakati wa kuchomwa, na kazi ya siku nyingi inageuka vigae.

Nilimwuliza anajuaje kwamba chungu kimeiva baada ya kuchomwa. Alichukua kimoja kilichokwisha kupoa, akakigonga kwa kifundo cha kidole, kikalia vizuri. Akachukua kingine, kikatoa sauti iliyokufa, akakiweka kando bila maelezo zaidi. Mwanangu, ambaye kwa kawaida hakai mahali pamoja zaidi ya dakika tano, alikaa pale muda wote.

Wakati huo ilifika mashua yenye wageni, baadhi yao kutoka nje na wengine Watanzania wenzetu, wakiongozwa na mfanyakazi wa kampuni moja ya kutembeza watalii ambayo sina haja ya kuitaja. Walisalimu vizuri, kisha simu zikatoka. Mmoja aliomba mama aufumue udongo na kuanza upya, kwa kuwa mwanzo hakuwahi kuupiga picha, na mama akafanya hivyo. Mwingine alimwomba asogee kwenye mwanga. Walipomaliza, mmoja wao aliuliza bei ya chungu kidogo, akaambiwa, akataja nusu yake, wakavutana, na mwishowe akasema kwamba hata hivyo hakitafika salama kwa basi, akakirudisha chini. Mashua ikaondoka. Mama alikuwa amepoteza sehemu kubwa ya asubuhi yake, na udongo ule ulioanzwa mara mbili ulikuwa umeanza kukauka kingo.

Hoja yangu, Mhariri, ni hii. Kule Kiwira tulilipia kutazama. Hatukununua mwamba, hatukuondoka na maji, na hakuna aliyetushangaa kwa kutoa fedha kwa ajili ya kuangalia kitu ambacho hakuna binadamu aliyekitolea jasho. Lakini mtu mwenye ustadi aliourithi kutoka kwa mama yake, ambaye anaacha kazi yake ili atuonyeshe, tunadhani tumemlipa kwa kumtembelea. Tunasema, "Si anauza vyungu? Atakayependa atanunua." Jibu hilo haliendani na hali halisi. Msafiri wa mbali hawezi kubeba chungu. Kinahitaji kufungwa kwa majani makavu na kubebwa kwa uangalifu, na vyungu vinavyotoka kule huenda kwanza kwenye gulio la Lyulilo siku ya Jumamosi, vikachukuliwa na wafanyabiashara hadi Mbeya na miji mingine, ambako bei yake hupanda bila mfinyanzi kuiona nyongeza hiyo. Chungu kinaweza kuvunjika ndani ya basi, lakini alichokitazama mgeni anarudi nacho kwao kizima. Hicho alichokitazama ndicho alichokifuata, na ndicho ambacho hakulipia.

Najua yatakayosemwa dhidi yangu. La kwanza ni kwamba wenyeji wenyewe hawadai. Ni kweli hawadai. Tulipoaga na kumwachia mama yule kiasi kidogo, alituambia "ndaga fijo", yaani asante sana, kwa namna iliyoonyesha kwamba hakukitarajia. Watu wa mwambao ule wamelelewa kumpokea mgeni kwanza na kuuliza shida zake baadaye. Lakini wahenga waliosema mgeni njoo mwenyeji apone hawakusema mwenyeji aachwe na udongo uliokauka. Ukarimu wa mtu si kibali cha kumtumia, na kampuni inayomtoza mgeni fedha kwa safari ambayo ndani yake imeandikwa "kutembelea wafinyanzi wa Kikisi" haiwezi kujificha nyuma ya ukarimu huo, kwa sababu yenyewe haikarimu mtu bure.

La pili ni zito zaidi: kwamba malipo yataigeuza kazi kuwa maigizo, mama akawa anafinyanga kwa ajili ya kamera na kuubomoa udongo baada ya wageni kuondoka. Hatari hiyo ninaikubali. Hata hivyo, nilichokiona siku ile, cha kuombwa aanze upya ili picha itoke vizuri, kilikuwa maigizo tayari, tena ya bure. Mwenye kulipwa anaweza kusema kwamba saa hii nachoma, njooni kesho. Asiyelipwa, anayetegemea kwamba labda mmoja kati ya kumi atanunua kibakuli, hawezi kusema hivyo.

La tatu linahusu nani atakusanya fedha hizo, na hapa ndipo mipango mingi mizuri ya nchi yetu inapozama. Katika maboma ya Wamasai kule Ngorongoro, wageni hulipa kabla ya kuingia. Utaratibu upo na unajulikana, lakini ubishi wa nani anabaki na kiasi gani kati ya dereva, viongozi na familia zenyewe umekuwapo kwa miaka mingi. Ikombe wasirithi ubishi huo. Sipendekezi geti, wala sipendekezi mtu wa kukaa na kitabu cha stakabadhi kwenye njia ya kijiji akiwazuia hata wajukuu wa wenyeji. Ninapendekeza kwamba wafinyanzi wenyewe, ambao wengi wanafahamiana na hata ni ndugu, wakae na kupanga kiwango kimoja cha kumwonyesha mgeni kazi, kiwango hicho kibandikwe Matema kwenye nyumba za wageni na mahali mitumbwi inapoanzia, na mgeni amkabidhi fedha mama aliyemwonyesha kazi, mkononi au kwa simu, bila kupitia kwa muongozaji. Muongozaji ana ujira wake kutoka kwa aliyemwajiri.

Halmashauri nazo zina sehemu yao, ingawa si ile zinayoikimbilia kwa kawaida. Sheria inazitaka zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu, na wanawake ndani yake wana asilimia 4. Huo ni mpango mzuri, na kikundi cha wafinyanzi kinachotaka kununua mashua ya kusafirishia vyungu au kujenga banda la kuvikaushia wakati wa mvua kinaweza kunufaika nao. Lakini mkopo ni deni. Kumkopesha mtu huku kazi yake ikiendelea kutazamwa bure ni kumpa mzigo wa kurejesha fedha ambayo wageni wangempa kwa haki. Kitu ambacho halmashauri za Rungwe na Kyela zingeweza kukifanya kwa gharama ndogo ni kuweka pale kwenye Daraja la Mungu ubao unaomwambia mgeni kwamba mto huu unaishia ziwani, kwamba huko kuna wafinyanzi, jinsi ya kufika, na kiwango walichojipangia. Watu wengi tuliokutana nao Kiwira walikuwa wanarudi Mbeya jioni ile ile bila kujua kwamba umbali uliobaki hadi Matema ungewawezesha kulala ufukweni.

Neno langu la mwisho nalielekeza kwa walimu wenzangu, kwa kuwa mabasi ya shule ni sehemu kubwa ya wageni wa maeneo haya. Tunawapeleka wanafunzi kwenye daraja, tunawafundisha volkano na mmomonyoko, tunalipa kiingilio, na hatuoni tabu kukitengea fedha mapema. Tukifika kwa mfinyanzi, wanafunzi arobaini wanamzunguka mama mmoja, wanaandika, wanauliza maswali, wanashika udongo wake, na tunamlipa kwa kupiga makofi. Katika makisio ya safari, pale tunapoandika mafuta ya basi, chakula na kiingilio, tuongeze mstari wa ujira wa fundi atakayetufundisha, na fedha hiyo akabidhiwe mwenyewe kabla wanafunzi hawajaketi.

Wako katika ujenzi wa taifa,
Msomaji wako,
Makambako, Njombe