Mzee Okeke na Picha ya Harusi

Tanga

Shoga yangu,

Salamu nyingi. Sisi huku wazima, ila joto linatutoa roho. Mama anakusalimu, anauliza utakuja lini.

Barua yako nimeipata, na pale uliposema hadithi fupi za Chinua Achebe, yule mwandishi wa Nigeria, ni "mila dhidi ya usomi, basi", nimecheka peke yangu. Haya, kaa kitako nikugombeze kidogo.

Wengi wetu tulimjua kwa Shujaa Okonkwo, ile riwaya yake ya Things Fall Apart iliyotafsiriwa Kiswahili, tukaishia hapo. Lakini kuna hadithi mbili alizoandika enzi za masomo yake ya chuo kikuu pale Ibadan, Nigeria, mwanzoni mwa miaka ya 1950, kijana wa ishirini na ushei tu, na hizo ndizo nazirudiarudia.

Ile ya ndoa, kwa mfano, "Marriage Is a Private Affair". Nnaemeka, Mwigbo anayefanya kazi Lagos, kampenda Nene, binti wa Calabar, wa kabila jingine. Baba yake, mzee Okeke, kijijini huko keshamtafutia mchumba wake. Wewe unasema mzee ni mtu wa mila. Mila gani, mwenzangu? Okeke ni Mkristo wa kuamka na Biblia! Akiambiwa binti ni mwalimu, anamtoa Paulo na Wakorintho wake: wanawake wanyamaze. Majirani wakimshauri akatafute dawa kwa mganga ili mwanawe arudiwe na akili, anakataa katakata, maana ushirikina haupendi kabisa. Mtu wa dini, mganga hamtaki, na bado mkwe wa kabila jingine hamezeki. Sasa huyo utamweka upande gani? Ugomvi wa kijiji na mji umehamia kifuani mwa mzee mmoja, na mwenyewe hajui kama umo.

Halafu ile picha. Vijana wanamtumia picha ya harusi. Mzee anamkata Nene pichani, anairudisha picha Lagos kwa barua fupi kali kwamba hana habari na mwanamke huyo, na laiti asingekuwa na habari na mwanawe pia. Mimi hapo nilisimama kusoma. Mtu asiyejali angeitupa jalalani. Huyu ameishika, ameitazama, ameikata, kisha akagharimia stempu. Anaumia, na chuki yake yote ni kazi ya kulizuia hilo lisionekane. Miaka minane anakaa hivyo.

Wala Lagos si afadhali sana. Wanawake wa Kiigbo huko mwanzoni wanamfanyia Nene adabu ya kupitiliza, ile ya kumwonyesha mtu kwamba si mwenzenu. Sisi watu wa pwani tunaijua sana: "karibu mgeni" inayosemwa mwaka wa kumi.

Ile ya pili ni "Njia ya Wafu" ("Dead Men's Path"). Januari 1949, Michael Obi anapewa ualimu mkuu wa shule ya Ndume, kijana mwenye moto wa usasa, bustani, kila kitu. Siku moja anamwona bibi kizee anakatiza katikati ya maua. Kumbe kuna kijinjia kinachotoka mahali pa matambiko ya kijiji hadi makaburini. Obi anakiziba kwa miti na seng'enge. Kuhani wa Ani, mungu wa ardhi wa Waigbo, anakuja kwa upole, anamweleza kuwa wafu huondokea humo, na watoto wanaokuja kuzaliwa hupitia humo. Obi anatabasamu: kazi ya shule ni kufuta imani kama hizo. Siku mbili baadaye mwanamke mmoja kijijini anafariki kwa uzazi.

Umeona Achebe alivyofanya? Hasemi njia ndiyo iliyoua, na hasemi siyo. Anaviweka vitu viwili jirani, anakwenda zake. Wanakijiji wanafyeka ua, wanakanyaga maua, wanabomoa jengo moja la shule. Na kilichomkaza Obi zaidi, nadhani mimi, hakikuwa usasa. Alikuwa anamngoja mkaguzi. Mkaguzi Mzungu anafika, anakuta uharibifu, anaandika ripoti mbaya, na sehemu ya lawama ya mtafaruku kati ya shule na kijiji anaielekeza kwenye bidii potofu ya mwalimu mkuu mpya. Yule aliyetaka kumpendeza ndiye anayemmaliza. Maofisi yetu yamejaa kina Obi, ila tusitajane.

Mwisho wa Okeke sikuupenda sana, nikwambie kweli. Nene anamwandikia kwamba wajukuu wanataka kumwona babu yao, mvua ya kwanza inanyesha, mzee anajaribu kuimba tenzi lakini matone kwenye paa yanamharibia sauti, moyo unalainika. Vizuri, lakini mvua imemsaidia mwandishi mno. Ya Obi haina huruma hiyo, nami naona ndiyo bora.

Kwa hiyo darasani, wanafunzi wangu wa kidato cha tatu nitaanza nao na Obi. Wewe je? Ukikataa, niletee hoja, usiniletee kucheka. Na ile kanga uliyoniahidi, sijaisahau.

Wako,
Shoga yako wa Tanga