Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Viazi Vyetu na Mlima Uliobaki

Ndugu wanachama, wazee wetu, akina mama na vijana wa chama, shikamooni na poleni kwa safari, hasa mliotoka ng'ambo ya milima ya Uporoto kwa miguu.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Suala la lumbesa, yaani magunia yanayojazwa kupita kiasi, lina ajenda yake mchana. Mimi naomba muda wangu niutumie kwa jambo moja tu.

Mwaka huu wanachama wengi wamekuja kwenye kamati na ombi lile lile: chama kiwasaidie kukodi mashamba ya juu, kwa kuwa ya chini hayazai viazi kama zamani. Nawaamini, maana shamba nililoachiwa na baba ni mojawapo. Enzi zake mahindi pale yalikaa miezi tisa bila kukomaa vizuri, lakini viazi vilijaa shimo. Sasa mahindi yanastawi, na viazi vinanyauka.

Ukipanda mlima mita 100, joto hupungua kwa zaidi kidogo ya nusu digrii. Kwa hiyo joto likiongezeka digrii 1, ubaridi uliokuwa shambani kwako unahamia juu kwa mita 150 hivi. Kiazi hakina miguu. Anayehama ni mkulima.

Kwenye mashamba yetu mawili ya majaribio, la bondeni na la juu, tulipanda mbegu moja, siku moja, kwa mbolea ile ile. La bondeni lilipendeza machoni: mashina marefu, majani tele. Tulipochimba tukakuta viazi vidogo, vingine vimeota vinundu kama tangawizi. Mchana jani la kiazi hutengeneza chakula, na usiku wa baridi chakula hicho hushuka chini kujaza kiazi. Usiku ukiwa na joto, mmea hukila wenyewe na kurefuka. Viazi hupenda udongo wenye digrii 15 hadi 20. Kwa hiyo ndugu anayelalamika kwamba alimwaga mbolea bure hakukosea mbolea.

Tatizo la pili, ukiacha joto lenyewe, ni ugonjwa wa mnyauko, na hapa naomba mnisikilize kwa makini. Bakteria wake wanapenda joto. Kwenye baridi kali wanaweza kukaa ndani ya kiazi bila kuonyesha dalili yoyote. Unanunua mbegu ya juu, safi kwa macho, unaipanda chini kwenye joto, na baada ya wiki kadhaa shamba linalala. Ndivyo wengi wetu tulivyouingiza ugonjwa kwa mikono yetu, mimi nikiwemo. Mmea ukinyauka udongo ukiwa bado na unyevu, kata shina na ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona uzi mweupe kama maziwa unashuka, ni mnyauko. Usipige dawa, hakuna inayoutibu. Ng'oa mmea pamoja na viazi vyake na uviteketeze.

Sasa nirudi kwenye ombi la kukodi juu. Kamati imelikataa, na mimi ndiye niliyelipinga kwa nguvu zaidi. Juu yetu kuna msitu, na mbele ya msitu kuna Kitulo, ambayo tangu 2005 ni hifadhi ya taifa. Hata kilele cha Mtorwi, kati ya vilele virefu zaidi huku kwetu, hakifiki mita 3,000. Huko Peru, kiazi kilikoanzia, wakulima wa Andes karibu na Cusco nao wamekuwa wakipandisha mashamba, lakini wao wana milima inayozidi yetu mara mbili. Sisi tukiendelea kupanda tutaingia msituni, na msitu huo ndio unaotunza vijito vinavyoteremka bonde la Usangu hadi mto Ruaha Mkuu. Tutakausha mashamba ya mpunga ya ndugu zetu ili tupate misimu michache ya viazi. Siwezi kuweka sahihi yangu hapo.

Badala yake, fedha iliyoombwa kwa kukodi inaelekezwa kwenye mbegu. Tutachukua mbegu iliyothibitishwa kutoka kituo cha utafiti cha Uyole na kuizalisha wenyewe kwenye mashamba yasiyowahi kuugua. Aina ya kiazi iitwayo Sherekea imo, kwa sababu inaustahimili ukungu, na mvua za siku hizi zinapokuja kwa mkupuo viazi vinaungua ndani ya siku chache. Hakuna aina inayoushinda mnyauko kabisa, kwa hiyo atakayepokea mbegu atakubali kupumzisha shamba lake na viazi kwa misimu mitatu au minne. Apande mahindi, ngano au pareto. Nyanya hapana, ni ndugu wa kiazi na zinaugua ugonjwa huo huo. Na maotea, yaani viazi vinavyojiotea vyenyewe, yang'olewe yote. Kiazi kimoja kilichosahaulika kinatunza ugonjwa mpaka utakaporudi.

Mashamba ya chini kabisa, nasema kwa uchungu, tuyaachie mahindi na maharage. La baba yangu limeshaingia humo. Najua chipsi za mjini zinalipa kuliko maharage, na najua kuna ada za shule. Kamati itaanza na wenye mashamba hayo wakati wa kugawa maeneo ya kuzalisha mbegu, ili wasiachwe mikono mitupu.

Naomba sasa katibu asome azimio la mpaka wa msitu, kisha tupige kura kwa kunyoosha mikono.