Barua kwa vijana mnaoanza kazi: huo mkono msiwe na haraka nao

Vijana wangu mnaoripoti kazini mwezi huu, na nyie wa field pia, marahaba wote hata kama hamjanisalimia.

Mi nimestaafu, nilikaa ofisi ya utumishi hapa Tanga miaka mingi, sa hivi naitwa mara moja moja kukaa kwenye usaili. Juzi kaingia kijana, vyeti vizuri, shati limenyooka, akaja moja kwa moja mpaka mezani akanyoosha mkono juu ya mafaili, glasi ya maji ikayumba, anampa mama aliyekaa katikati. Yule mama ana udhu wake anasubiri adhuhuri, kaweka kiganja kifuani kamwambia karibu mwanangu. Basi ule mkono ukabaki hewani, kijana hajui aurudishe au aupeleke wapi, mwisho akampa mzee wa pembeni ambaye wala hakuwa anamtazama. Maswali yote akajibu huku kaangalia vidole vyake.

Huko mitandaoni mnafundishwa bana mkono sana, tazama machoni, tikisa mara tatu. Sawa. Ila mimi ninaowaona wanaanguka hawaanguki kwa kulegeza, wanaanguka kwa haraka. Mkono unatolewa kwanza na mkubwa, au mwenyeji, na kwa mwanaume mbele ya mwanamke basi mwache mwanamke ndo aamue. Huku pwani wengi tunafuata madhehebu ya Shafii, ngozi ya mwanaume ikigusana na ya mwanamke asiye maharimu wake, yani asiye ndugu ambaye hawezi kumuoa, udhu umetenguka, kwaiyo mtu akikuwekea mkono kifuani hajakudharau hata kidogo, na wewe weka chako kifuani muendelee na kazi.

Mdomo ndo unatangulia. Shikamoo inatosha yenyewe, mzee akitaka mkono atakupa, ukipokea shika kiwiko chako cha kulia kwa mkono wa kushoto na uiname kidogo. Na akikushika asikuachie, akaanza habari za nyumbani, mvua, nani kafa, we mwache, usiuvute. Najua mnaona aibu, hasa nyie wavulana. Ni dakika mbili tu bana.

Wa kushoto hautolewi, hilo naamini hamjasahau, ila siku hizi mkono wa kulia umekaliwa na simu, mtu anaanza kuhamisha simu, begi, chupa ya maji, mwenzie kasimama anasubiri. Hamisha ukiwa bado mlangoni. Na kama umekaa, simama.

Kuna kitu kingine kiliniuma. Afisa mmoja mgeni tulienda nae gereji kuangalia gari la ofisi, fundi akatoka chini ya gari mikono yote grisi, akakunja ngumi akampa kifundo cha mkono, kama tunavyofanya siku zote mtu akiwa anakula au ana uchafu. Yule afisa akakitazama kile kifundo, akacheka, akaingiza mkono mfukoni. Yani fundi kakuonea huruma shati lako, we unamcheka! Ungekishika tu pale juu ya kiganja, yameisha. Gari lilikaa pale wiki tatu, na mimi sijasema kwa nini.

Mchezo wa kumkuna mtu kiganja kwa kidole mkipeana mkono acheni kabisa, kila mtu anajua maana yake na ofisini hiyo ni kesi. Gota mgoteane wenyewe kwa wenyewe, si kwa bosi mpaka aanze yeye.

Ukiwa na mafua sema tu una mafua. Machi 2020 hayati Magufuli na hayati Maalim Seif walisalimiana kwa miguu pale Ikulu sababu ya korona, nchi nzima ikaona, na hakuna aliyesema mmoja kamkosea adabu mwenzie. Na mkipangiwa kazi huko bara, kwa Wasukuma kwa mfano, mkakuta binti anapiga goti akisalimia msitoe macho, itikieni.

Mkinikuta mimi njiani nipeni shikamoo tu inatosha, au mkono wa taratibu, maana kidole gumba hiki kimeshaanza kuuma na wiki iliyopita kuna mmoja kanibana mpaka nikaangusha muhogo.