Barua ya wazi kwa Mkurugenzi Mkuu wetu: bahasha itumwe na shule

Bukavu

Bwana Mkurugenzi Mkuu,

Tunakusalimu kwa heshima zote, sisi wahitimu wa uuguzi wa A1 (graduat) na A0 (licence). Siku ya kolasio, ya kukabidhiwa diploma, uliwaambia wazazi wetu kwamba diploma hii inatambulika popote duniani. Walipiga makofi.

Juzi bahasha nyingine ya releve, yaani orodha ya masomo na pointi, ya mwenzetu anayetafuta leseni ya uuguzi, imekataliwa Marekani. Ndani hapakukosekana karatasi. Ilikosa muhuri juu ya kifuniko, tena ilitumwa na mwenye diploma, kwa sababu karani alimkabidhi mkononi na kumwambia "utajipanga". Hilo "utajipanga" ndilo limetuchosha.

Turudie, ingawa fomu yenyewe inaeleza. Bodi nyingi za uuguzi za majimbo ya Marekani, zinazotoa leseni, zinataka masomo yapimwe kwanza na CGFNS, shirika la Philadelphia linalokagua masomo ya wauguzi wa nje, ambayo siku hizi inaitwa TruMerit. Hao hawapokei releve kutoka kwa mwombaji. Mwombaji anakuletea fomu yenye namba ya faili lake. Ofisi yako inaijaza, inasaini, inaambatisha releve za miaka yote na kuziweka ndani ya bahasha ya shule. Muhuri unapigwa pale kifuniko kinapofungia, nusu juu ya kifuniko, nusu juu ya bahasha. Kisha shule inatuma. Ikipitia kwa mwombaji, ni kama haikufika.

Releve nazo ni ugonjwa mwingine. Zinaonyesha pointi juu ya 20, na siku hizi kredi. Kule wanatafuta masaa: ya darasani mbali, ya staji (mazoezi hospitalini) mbali, kwa kila fani, yaani tiba ya watu wazima, upasuaji, uzazi, watoto na afya ya akili. Kredi haiwasaidii, maana inachanganya darasa na kazi ya nyumbani. Mkiandika "Staji, mwaka wa 2: 16/20", nani atajua kwamba sehemu yake ilikuwa chumba cha kuzalishia? Wanafunzi wamefanya zamu kituo cha SOSAME wakihudumia wagonjwa wa akili, lakini kwenye releve hakuna hata saa moja ya fani hiyo. Bodi inaamua kwamba muuguzi huyu hakusoma afya ya akili, akaisome upya. Aliisoma, Bwana Mkurugenzi. Releve yako ndiyo haikusema.

Na majina! Releve ya mwaka wa kwanza ina jina, posnomu (jina la pili) na prenomu (jina la kwanza). Mwaka wa tatu posnomu imepotea. Mwenye kulinganisha na pasipoti anaona watu wawili.

Kwa nini inakuwa hivi? Huenda ofisi inaogopa kughushiwa. Basi bahasha iliyofungwa na kutumwa na shule ndiyo kinga yenyewe. Huenda masaa ya staji yamelala kwenye madaftari ya wasimamizi na hakuna mwenye hamu ya kuyajumlisha. Kwamba kuna wanaongoja madesu, yaani rushwa, hiyo sisi hatujaisema.

Wakati huo matokeo ya IELTS, mtihani wa Kiingereza, yanadumu miaka 2 tu. Faili likilala kwenye droo yako, yanakwisha, na mtu anavuka mpaka hadi Kigali kulipa na kufanya upya. NCLEX yenyewe, mtihani wa leseni wa maswali 85 hadi 150 ndani ya saa 5, hatukuombi utujibie.

Tumesikia pia hoja kwamba mkitusaidia mtamaliza wauguzi hospitalini. Waulize kwanza waliobaki wanaongoja prime, yaani nyongeza ya mshahara, tangu lini.

Kama kifurushi lazima kivuke mto Ruzizi kikatumwe kutoka Rwanda, mpe karani ordre de misio, karatasi ya kutumwa kazini. Nauli tutachanga, kama tulivyochanga kila kitu. Masaa kwa kila fani mtayapanga polepole, tutawasaidia hata kuyahesabu. Lakini fomu zilizoko aparitora, ofisi ya wanafunzi, leo, zipigiwe muhuri juu ya kifuniko. Na zitumwe na shule, Bwana Mkurugenzi. Na shule.

Wahitimu wako wa uuguzi