Farasi ‘mkorofi’ akaguliwe kabla ya kuchapwa

Mhariri,

Naomba nafasi niseme na wenzangu tunaofuga na kufundisha farasi hapa Dar es Salaam. Farasi akirusha teke au akigoma, kinachoshikwa kwanza ni fimbo, wakati ukorofi mwingi chanzo chake ni maumivu.

Anayerusha kichwa kila hatamu ikivutwa, mtazameni mdomoni. Taya ya juu ya farasi ni pana kuliko ya chini, hivyo magego hayasagiki sawasawa: ya juu huota ncha kali upande wa shavu, ya chini upande wa ulimi. Chuma cha lijamu, kile kinachokaa mdomoni, kikivutwa, nyama laini hubanwa kwenye ncha hizo. Daktari wa mifugo azisawazishe kwa tupa ya meno walau mara moja kwa mwaka.

Anayelaza masikio na kutaka kuuma akifungwa ukanda wa tumboni, kagueni tandiko. Livueni mara tu mkimaliza kumpanda. Mgongo ukiwa umelowa jasho wote isipokuwa kiraka kimoja kikavu, mara nyingi hapo ndipo linapokandamiza. Kuongeza blanketi chini yake ni sawa na kuvaa soksi mbili ndani ya kiatu kinachobana. Kama tandiko halina kasoro, fikirieni vidonda vya tumbo. Asidi ya tumbo la farasi hutiririka usiku na mchana, lakini mate ya kuipoza hutoka anapotafuna tu. Pumba asubuhi na jioni hazitoshi, tena zina fosforasi nyingi na kalsiamu kidogo, mifupa hudhoofika. Farasi wa kilo 400 anahitaji kilo 6 hadi 8 za majani makavu kwa siku, zigawanywe asikae tumbo tupu saa nyingi.

Anayeonewa kuliko wote hapa Pwani ni yule anayeitwa mvivu. Kwenye joto lenye unyevu kama letu la Januari na Februari, wapo farasi wanaoacha kabisa kutoa jasho. Wenzake wamelowa, yeye ngozi kavu, pua zimetanuka, anahema. Huyo akichapwa aendelee anaweza kufa. Apelekwe kivulini, amwagiwe maji baridi mwili mzima mfululizo, daktari aitwe. Kazi yake iwe alfajiri tu.

Mkisharidhika kwamba haumwi, ndipo mafunzo. Kosa ninaloliona sana ni la kamba: kijana anavuta, farasi anarudi nyuma, kijana analegeza ili avute upya. Hapo amemfundisha kurudi nyuma, maana farasi hujifunza pale anapolegezewa. Vuta kidogo, usiongeze wala kupunguza, ngoja. Akisogeza mguu mmoja tu mbele, legeza papo hapo. Ukichelewa sekunde chache hataelewa amelegezewa kwa lipi. Dakika 15 zinatosha kwa siku.

Kuhusu farasi kuuma vidole, msiwaruhusu wateja wanaokuja kupanda wamlishe karoti mkononi. Wekeni kwenye ndoo.

Na wazazi mnaowapandisha watoto, ombeni tandiko linyanyuliwe kwanza. Mkiona kidonda mgongoni, msilipe.

Mfundisha farasi,
Kunduchi, Dar es Salaam